Mtoto wa Kando ya Uwanja: Historia ya Somo la Viungo Ionekanavyo Kutoka Shanwe

Miongoni mwa masomo yote yafundishwayo shuleni, liko moja ambalo ndani yake mwanafunzi hana pa kujificha. Asiyejua hesabu aweza kuinamia daftari lake, na kosa lake likabaki siri kati yake na mwalimu. Asiyejua kusoma aweza kuitikia pamoja na wenzake hata kengele ikalia. Bali atokaye kwenda uwanjani kwa somo la viungo hutoka na mwili wake wote, na kama ulivyo ndivyo uonekanavyo na kila mtu: mrefu au mfupi, mwepesi au mzito, mzima au wenye ulemavu. Kwa sababu hiyo mwalimu wa viungo amekabidhiwa amana ambayo walimu wenzake hawanayo. Kwa muda wa kipindi kimoja aweza kumfanya mtoto aupende mwili wake. Na kwa muda huo huo aweza kumfanya auonee haya maisha yake yote.

Swali la makala hii ni hili: somo la viungo ni la nani? Historia ya nchi yetu imelijibu kwa njia mbili. Jibu la kwanza lasema kuwa somo hili ni chekecheo: watoto wote humiminwa ndani, wachache hubaki juu, na wale wachache ndio timu. Jibu la pili lasema kuwa somo hili ni chakula, na chakula hakitolewi kwa mwenye nguvu peke yake. Nia yangu ni kuonyesha kwamba jibu la pili si geni lililoletwa juzi na mikataba ya mataifa. Msingi wake ulikwisha kuwekwa katika siasa yetu ya elimu tangu mwaka 1967, ila haukufikishwa uwanjani. Na hapana awezaye kuufikisha huko isipokuwa mwalimu mwenyewe.

Nimechagua kulitazama jambo hili kutoka Shanwe, ambayo ni kata mojawapo ya Manispaa ya Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Si kwamba Shanwe imejipatia sifa ya pekee katika michezo. Ni kwamba mahali pa namna hii ndipo fikra za elimu zipimwapo uzito wake. Mji wa Mpanda haukukuzwa na bandari wala na enzi ya mfalme. Ulikuzwa na madini ya risasi, yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals, na reli ya kilomita 210 hivi iliyotandikwa kutoka Kaliua hata ikafika Mpanda karibu na mwaka 1950. Mgodi ule ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ikabaki, na watu wakabaki. Juu ya wenyeji wa nchi ile, yaani Wabende, Wakonongo na Wapimbwe, waliongezeka wafanyakazi wa mgodi na reli, kisha wakulima na wafugaji waliotoka mbali, Wasukuma wakiwamo. Tangu mwaka 1972 walifika wakimbizi wa Burundi, wakapewa makazi Katumba, na mwaka 1978 yakafunguliwa makazi mengine Mishamo. Wengi wa watu hao na wana wao wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, na sensa ya mwaka ule ule ilihesabu humo watu 564,604. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958. Maana yake ni kwamba katika miaka kumi watu wamekuwa mara mbili na zaidi, na kila aijuaye shule atafahamu hesabu hiyo inasemaje darasani. Mwalimu wa viungo katika kata ya mji kama huu husimama mbele ya watoto ambao babu zao hawakuonana kamwe, ambao lugha za nyumbani kwao ni nyingi, na ambao idadi yao huuzidi kwa mbali mpira mmoja alioushika mkononi. Akiwa na fikra nzuri isiyoweza kusimama mbele ya darasa hilo, basi fikra hiyo ni ya vitabuni tu.

Tuanze na yaliyokuwako kabla ya kengele ya shule. Watoto wa nchi hizi hawakungoja mwalimu aje kuwafundisha kukimbia. Mwili ulifundishwa na kazi: kuchunga, kuchota maji, kutwanga, kupanda miti na kuvuka mito. Ulifundishwa na michezo ambayo mpaka leo yachezwa vichochoroni, kama vile kombolela, rede, mdako na kuruka kamba. Tena ulifundishwa na ngoma. Yafaa tuitazame ngoma kwa makini, maana ndani yake mna hekima ambayo mwalimu wa viungo hana budi kuijua. Ngoma ina nafasi nyingi. Yuko apigaye, yuko aimbishaye, wako waitikiao, wako wapigao makofi, na wako wachezao katikati; mzee asiyeweza tena kuruka hakosi mahali pa kusimama, wala hasemi mtu kwamba hayumo ngomani. Kadhalika katika michezo ya watoto, kanuni hutungwa na wachezaji wenyewe, na aliye mdogo husamehewa kosa ambalo mkubwa hasamehewi, ili mchezo usiharibike kwa kumpoteza mchezaji.

Lakini tusiipambe zamani kupita kiasi. Wahenga walisema hujafa hujaumbika, na kwa msemo huo waliwaonya watu wasimcheke mwenye ulemavu; walakini onyo hutolewa panapo kosa, na wako watoto waliofichwa nyumbani kwa kuonewa aibu, na wasichana walioondolewa mchezoni mapema kwa sababu ya kazi za nyumba. Tusemalo ni hili tu: wazo la kuugeuza mchezo ili umfae mchezaji, badala ya kumfukuza mchezaji ili mchezo ubaki kama ulivyo, lilikuwako kwetu. Halikuja kwa meli.

Kilichokuja kwa meli ni kwata. Wajerumani walipofungua shule ya serikali ya kwanza huko Tanga, mwaka 1892, walitaka makarani, wakalimani na watu wenye utii, na mwili wa mwanafunzi ulifunzwa kwa mfano wa mwili wa askari. Waingereza waliowafuata walikuwa na miongozo yao ya mazoezi ya viungo, na ule uliotolewa Uingereza mwaka 1933 ulisafiri mbali katika makoloni. Humo mazoezi yalikuwa yamelainishwa, na habari za afya na furaha ya mtoto zilikuwa zimeingia. Lakini katika shule nyingi kilichofika uwanjani ni mstari, amri na filimbi. Mikono juu, mikono chini, moja, mbili.

Haki yatutaka tuseme kwamba kwata ilikuwa na jema lake. Katika kwata wote walisimama mstarini; hapakuwa na timu wala watazamaji. Ubaya wake ni kwamba iliwataka wote wawe mwili mmoja. Asiyeweza kunyanyua mguu kwa kipimo cha wenzake aliuharibu mstari, na mstari ulikuwa na thamani kumpita yeye. Ndiyo maana nasema kwamba kuwaweka wote uwanjani si sawa na kuwapa wote nafasi. Watu wenyewe waliligundua hilo mapema, wakalijibu kwa njia yao. Mwishoni mwa karne ya 19, katika miji ya pwani ya Kenya, ilizuka ngoma ya beni, ambayo ilichukua bendi, sare, vyeo na mwendo wa kijeshi, ikavifanya mchezo wa mashindano kati ya pande mbili. Ngoma hiyo ilienea Tanganyika, pwani na bara. Amri ya mgeni ikageuzwa kuwa furaha ya wenyeji. Na waliokuwa wakiamrishwa wakajipa wenyewe vyeo vya amiri na mfalme. Katika beni twaona jambo ambalo shule haikuliona: kwamba mwendo ule ule wa mwili waweza kuwa utumwa au uhuru, kwa kadiri ya yule aliyeutunga na sababu ya kuutunga.

Baada ya kwata yakaja mashindano. Katika shule za bweni za wakati wa Waingereza, mfano wake ukiwa ile ya Tabora iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya wana wa machifu, michezo ilihesabiwa kuwa kiwanda cha viongozi. Mabweni yalishindana, vikombe vilitolewa, na kandanda ikawa mfalme wa michezo. Shule zile zilikuwa za wateule. Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba na uwanja wao ulikuwa wa wateule wa wateule. Wachezaji kumi na mmoja walikimbia, mamia wakashangilia. Desturi hii ilihamia katika shule ndogo za vijijini, ambazo wanafunzi wake hawakuwa wateule wa kitu chochote, na huko ndiko ilikoleta hasara kubwa. Maana shule ya watoto mia nne ikiwa na timu moja ya mpira, basi watoto mia tatu na themanini na tisa wamefundishwa kutazama.

Uhuru ulileta matumaini mapya. Mwezi wa Disemba 1962 Mwalimu Nyerere, alipokuwa Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alianzisha Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba vijana walifunzwa dansi za kizungu bila kufunzwa ngoma zao. Mwaka 1967 sheria iliunda Baraza la Michezo la Taifa. Kisha yakaja majina yaliyoipa nchi fahari. Filbert Bayi, katika mji wa Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi alipata medali ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, naye Suleiman Nyambui akapata ya fedha katika mita 5000.

Lakini jina ambalo dunia imelishika kuliko hayo yote ni la mtu aliyekuwa wa mwisho. Katika mbio za marathoni za Olimpiki ya Mexico, mwaka 1968, John Stephen Akhwari alianguka njiani akaumia goti. Waliomaliza mbio zile walikuwa 57, naye ndiye aliyekuwa wa 57, akaingia uwanjani na kitambaa kimefungwa mguuni, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwa maana ya kwamba nchi yake ilimtuma amalize. Habari hii husimuliwa shuleni kama fundisho la ushujaa, na ni sawa. Lakini mwalimu wa viungo akiisimulia asubuhi, kisha alasiri akamwondoa mbioni mtoto aliyebaki nyuma ili wengine wasicheleweshwe, amelifuta fundisho lake mwenyewe. Kama heshima ya Akhwari ilikuwa katika kumaliza, basi shule yamdai kila mtoto nafasi ya kumaliza.

Sasa tufike mwaka 1967, ambao kwa maoni yangu ndio kiini cha historia hii. Mwezi wa Machi mwaka ule, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake kubwa ilikuwa kwamba shule ya msingi isiwe ngazi ya kuwapandisha wachache waendao sekondari. Iwe elimu kamili kwa yule mtoto ambaye hatakwenda kokote zaidi ya hapo. Alikataa elimu ambayo huwatenga wachache na kuwaacha wengi wakijiona wameshindwa. Hoja hiyo ilifuatwa na Azimio la Musoma la 1974 na kupanuliwa kwa elimu ya msingi kwa wote mwaka 1977, na madarasa yakajaa watoto ambao wazazi wao hawakuwahi kushika kalamu.

Haya basi, tulichukue wazo hilo tulitoe darasani, tulipeleke uwanjani. Somo la viungo nalo lisiwe ngazi ya kuwapandisha wachache waendao katika timu ya wilaya, ya mkoa na ya taifa. Liwe elimu kamili kwa mtoto ambaye hatavaa jezi kamwe. Ajifunze kuutumia mwili wake, kuulinda, kuupumzisha na kuufurahia. Aweze akiwa na miaka arobaini kutembea, kulima, kucheza ngoma na kumchezesha mwanawe. Hili ndilo hitimisho la haki la Elimu ya Kujitegemea, lakini sera haikulisema wazi, na uwanja ukaendelea na desturi yake ya zamani. Vyuo vilifanya kazi njema: Chuo cha Ualimu cha Butimba, Mwanza, kilifunza walimu wa viungo na wa sanaa, na chuo cha Malya kikafunza wataalamu wa michezo. Walakini shuleni, mbele ya mkuu wa shule na mbele ya wazazi, mwalimu aliendelea kupimwa kwa kikombe alicholeta.

Matokeo ya kuchanganya somo na mashindano yalionekana mwanzoni mwa miaka ya 2000, mashindano ya michezo ya shule yaliposimamishwa, hata yakarudishwa baadaye katika mwongo ule ule. Hoja ya kuyasimamisha ilikuwa kwamba yalikula muda wa masomo. Simlaumu mtu hapa. Nataka tuone kilichofichuka. Kama shule zingekuwa na somo la viungo lililosimama kwa miguu yake, kusimamishwa kwa mashindano kusingaliliondoa. Lakini palipoondolewa kikombe, mahali pengi uwanja ukawa mtupu. Kumbe tangu mwanzo kilichokuwako ni kikombe. Na hayo yalitokea wakati ule ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ulioanza mwaka 2002, ulipokuwa ukiwaingiza shuleni watoto wengi kuliko hapo kwanza.

Wakati huo mwingi, wako watoto ambao hata hawakufika kando ya uwanja. Shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma, ilifunguliwa na kanisa la Anglikana mwaka 1950. Shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa na kanisa Katoliki mwaka 1963. Na mwaka 1966 shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam ilianza kuwapokea watoto wasioona pamoja na wenzao waonao. Jina hilo la Mchanganyiko lina uzito wake, maana hatua ile ilitangulia sana sauti za mataifa. UNESCO ilitoa mwaka 1978 hati isemayo kuwa elimu ya viungo na michezo ni haki ya kila mtu; mkutano wa Salamanca wa 1994 ukazitaka shule za kawaida ziwapokee watoto wote; na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, wa 2006, katika kifungu chake cha 30, ukataja waziwazi haki ya watoto wenye ulemavu kushiriki michezo shuleni sawa na wenzao. Tanzania iliuridhia mkataba huo mwaka 2009, na mwaka 2010 ikatunga sheria yake yenyewe ya watu wenye ulemavu.

Katika dunia pana, michezo ya watu wenye ulemavu ilianzia hospitalini. Tarehe 29 Julai 1948, siku ile ile ilipofunguliwa Olimpiki ya London, daktari Ludwig Guttmann aliwashindanisha kwa upinde na mshale wagonjwa kumi na sita, waliokuwa wanajeshi, katika hospitali ya Stoke Mandeville, wakiwa wameketi katika viti vya magurudumu. Kutoka hapo ilizaliwa michezo ya Paralimpiki, iliyochezwa Rome mwaka 1960. Nasi wa Afrika Mashariki tumeichangia mfano usiosahaulika. Mwaka 2000, huko Sydney, Mkenya Henry Wanyoike, asiyeona, alikimbia mita 5000 akiongozwa na mwenzake. Kiongozi yule alikuwa ameugua malaria, nguvu zikamwishia, na asiyeona ndiye aliyemkokota mwenye macho hata wakafika mwisho, akashinda medali ya dhahabu. Nani hapo alikuwa mwenye kusaidiwa? Mwalimu afikiriye kwamba kumshirikisha mtoto mwenye ulemavu ni sadaka na aitafakari habari hiyo.

Baada ya historia, twaweza sasa kuyataja malengo ya mwalimu wa viungo katika shule ya kata kama Shanwe. Nayataja manne.

La kwanza ni kwamba kila mtoto atende, wala asiwepo wa kutazama kwa sababu ya kukosa zamu. Darasa la watoto tisini na mpira mmoja haliwezi kucheza kandanda. Lakini laweza kugawanywa makundi sita, na makundi matano yakafanya kazi bila mpira: kamba za katani, mipira ya matambara, duara zilizochorwa ardhini, magogo ya kuruka, na michezo ya nyumbani iliyotajwa juu. Umaskini wa vifaa ni kweli, lakini mara nyingi umesingiziwa kosa ambalo ni la mpango.

La pili ni kuugeuza mchezo umfae mchezaji. Yako mambo manne ambayo mwalimu aweza kuyageuza bila gharama: ukubwa wa uwanja, kifaa, kanuni, na kazi ya kila mmoja. Kwa mtoto kiziwi, kitambaa kinachopungwa kitachukua mahali pa filimbi. Kwa asiyeona, mpira utiwe katika mfuko wa plastiki utoao mlio, na wengine wafundishwe kunyamaza ili asikie. Au akimbie na mwenziwe wakishika kipande cha kamba. Kwa aketiye katika kiti cha magurudumu au atembeaye kwa gongo, umbali upunguzwe, au mpira uruhusiwe kudunda mara mbili. Kwa mtoto mwenye ualbino, jua la saa sita ni adui wa ngozi yake na mwanga mkali huyasumbua macho yake. Kwa hiyo kipindi kiwekwe asubuhi au chini ya miti, avae kofia na mikono mirefu, na mpira uwe wa rangi inayoonekana. Haya si mambo makubwa. Ni adabu ile ile ya watoto wa kichochoroni wamsameheo mdogo wao.

La tatu ni kuulinda utu wa mtoto. Desturi ya manahodha wawili kuchagua wachezaji mmoja mmoja mbele ya darasa zima, hata akabaki yule asiyetakiwa na upande wowote, yafaa iachwe kabisa. Makundi na yapangwe na mwalimu. Msichana asilazimishwe kuvaa vazi linalomvunjia heshima, wala asiadhibiwe kwa kukaa kando siku ambazo mwili wake wamtaka apumzike. Bali aelezwe kwa siri na mwalimu wa kike mazoezi yanayomfaa. Mtoto asiyekijua Kiswahili vema, kwa kuwa nyumbani kwake husemwa lugha nyingine, aonyeshwe kwa vitendo. Maana uwanja ni mahali pamoja shuleni ambapo ugeni wa lugha waweza kufutika haraka. Katika mkoa ambao majirani wa leo walikuwa wageni wa jana, timu iliyochanganywa kwa busara ni somo la uraia lisilohitaji ubao.

La nne ni kumpima mtoto kwa nafsi yake. Yule aliyeruka hatua mbili mwezi wa Januari, akaruka tatu mwezi wa Mei, amefaulu, hata ikiwa mwenziwe huruka tano tangu azaliwe. Daftari la mwalimu na lioneshe mtoto alikotoka na alikofika. Kipimo cha namna hii hakimdanganyi mtoto. Atajua bado kwamba yuko amzidiye, kama ajuavyo katika hesabu. Lakini atajua pia kwamba juhudi yake imeonekana.

Najua yatakayosemwa kinyume cha hayo. Watasema wengine kwamba mwalimu akishughulika na wote, vipaji vitapotea, na taifa halitampata Bayi mwingine. Hoja hii ina uzito, lakini huanguka kwa nguvu zake yenyewe. Kipaji hakiandikwi usoni. Aliyewekwa kando akiwa na miaka tisa kwa sababu ni mfupi hatajulikana kuwa angekuwa mkimbiaji. Palipo na wengi watendao ndipo wachache hodari wanapoonekana, na mashindano yabaki kwa hao wakati wake ukifika, baada ya vipindi. Mashindano ni tunda la mti huu, wala si shina lake. Wengine watasema kwamba darasa ni kubwa mno na mwalimu amechoka. Hili ni kweli zaidi, wala halijibiwi kwa maneno matupu. Mtaala uliotolewa mwaka 2023 umelipa somo la Sanaa na Michezo nafasi yake katika shule ya msingi. Bali nafasi katika karatasi haiongezi mwalimu wala uwanja. Viwanja vya shule katika miji inayokua upesi humegwa kwa ujenzi, na kila darasa jipya lijengwalo juu ya uwanja ni deni kwa mwili wa mtoto. Wazazi, halmashauri na wakuu wa shule wana sehemu yao katika deni hilo.

Hata hivyo, katika historia yote tuliyoipitia, mageuzi ya kweli hayakungoja vitu kuwa tayari. Waliocheza beni hawakupewa ruhusa ya kuigeuza kwata. Uhuru Mchanganyiko haikungoja Salamanca. Mwalimu wa Shanwe naye, akiingia uwanjani asubuhi na filimbi yake na mpira mmoja, anao tayari uwezo wa kuamua jambo moja ambalo hapana wizara imwamuliayo: kama mtoto yule aliyesimama kando, mkono umeshika mti, macho yamewafuata wenzake, ataitwa kwa jina lake aje kucheza, au ataachwa mpaka kengele.